Fahali wa Wahiti: kikombe nilichokijutia na kile kidogo cha udongo

Siku mbili kabla ya kuondoka Ankara nilikuwa bado sijanunua zawadi, ila nilichotaka nilikijua tangu mwanzo: wale fahali wawili wa Wahiti, watu wa kale wa Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Wamo kwenye Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia, chini kidogo ya ngome, ndani ya soko la kale lenye paa la kuba. Wamefinyangwa kwa udongo mwekundu uliosuguliwa ukang'aa, macho meupe, mboni nyeusi, na kimo chao kinakaribia sentimita 90. Nimelelewa na mfinyanzi, kwa hiyo kabla ya jambo lolote niliwaza tanuri. Mama hutuambia chombo hupasukia pale unene usipolingana, na hapa kuna matumbo makubwa, miguu minane na pembe nne!

Walifukuliwa mwaka 1963 huko Boğazköy, palipokuwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, na umri wao unarudi hadi karne ya 16 kabla ya Kristo. Wanahusishwa na Sherri na Hurri, fahali wanaovuta gari la Teshub, mungu wa dhoruba. Mtu akipita haraka atadhani ni sanamu tu. Asogee aangalie juu, kwenye mabega: pana mdomo kama faneli. Kinywaji cha sadaka kilimiminwa hapo, kikatokea puani. Vyombo vya ibada vyenye umbo la mnyama vimetajwa hata katika mabamba ya udongo ya Wahiti, kwa jina bibru. Mimi mdomo ule ndio ulionishika, kwa sababu bila huo fahali hana kazi.

Sasa zawadi zenyewe. Kwenye duka moja la njia ya kupandia ngomeni nilichukua kikombe cha chai chenye picha ya fahali. Fahali mmoja, mwenzake hayupo. Picha imekatwa juu, ule mdomo wa kumiminia umebaki nje, na wekundu wa udongo umegeuka rangi ya chungwa. Nilikitumia wiki tatu, na upande wa mkono wa kulia picha imeshaanza kufifia kwa kuoshwa. Kwa chai kinafaa, hakivuji, mkono wake unashikika vizuri. Lakini kumpa mtu kama kumbukumbu ya fahali wale, hapana. Sumaku za friji zina picha ileile, nilizipita.

Duka la pili, hatua chache mbele, lilikuwa na fahali wa udongo wanaoenea kiganjani. Nilimwomba mzee muuzaji maji kidogo ya kujaribia, naye akaleta glasi bila kuuliza sababu. Nikamimina mgongoni. Maji yakatoka tundu moja la pua, la pili lilikuwa limeziba. Mzee akachukua kijiti cha meno, akazibua, tukamimina tena, yakatoka matundu yote mawili sawasawa, vijitone vyembamba. Nilifurahi kiasi cha kununua wawili hapohapo, ingawa kila mmoja alikuwa na bei ya vikombe vitatu.

Kasoro zake nizitaje. Ni kazi ya kalibu, na mshono umeachwa wazi tumboni, haukulainishwa. Macho yamepakwa rangi ya kawaida, itabanduka. Ndani hakuna kipako chochote, udongo unanyonya, kwa hiyo usiweke maziwa wala juisi. Maji tu, kisha kiache kikauke kikiwa kimeinamishwa. Pembe ni nyembamba mno, zangu nilizifunga kwa soksi kila moja peke yake na zimefika salama. Ukienda kununua, jaribu kwa maji kabla ya kulipa, maana kwenye rafu ileile niliona wengine ambao pua zao zimechorwa tu, hazina tundu.

Mama nilimpa wote wawili. Alimgonga mmoja kwa kucha, akasikiliza, akasema huyu ameiva. Kisha akampapasa kichwani, akaingiza kidole kwenye mdomo wa mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, niletee maji."