Uzoefu wangu: nilienda kutibiwa kiuno nikaambiwa mazoezi ni ya vijana

Jamani imeshapita miezi lakini nikikumbuka bado nachemka. Mi ni fundi cherehani, zaidi ya miaka ishirini nimeinamia meza, kiuno kimenitesa mpaka maumivu yakawa yanashuka takoni hadi kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Diclofenac nimemeza, sindano nimechomwa, inatulia wiki inarudi. Daktari akaniandikia niende fizio, ile tiba ya viungo.

Kliniki siitaji jina. Nikapokelewa na kaka mmoja, sawa na mwanangu wa kwanza, hata shikamoo hakuna, akanionyesha kitanda kwa kidole, akanibandika vile vibandiko vya umeme kiunoni akaondoka na simu yake. Namsikia huko nje anabishana Simba na Yanga, mashine imejizima yenyewe, naita kaka, kaka, kimya, na kuinuka mwenyewe siwezi maana kiuno kikishabana ndo basi tena. Aliporudi nikamuuliza kwa adabu kabisa, mwanangu hakuna mazoezi ya kufanya nyumbani? Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, mazoezi ni ya vijana, wewe njoo tu mashine mara tatu kwa wiki." Mara tatu! Kila nikienda 30,000, hiyo ni gauni zima nimeshona. Nililia kwenye daladala.

Nilitaka niandike watu wasikanyage pale, basi. Ila haki ya Mungu siwezi kudanganya, palepale ndo nilipopata nafuu. Siku nyingine nikamkuta binti wa chuo yuko fildi. "Shikamoo mama, hebu kaa kama unavyokaga kwenye cherehani nikuone." Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Akatandika mkeka chini, nikalala kifudifudi, baadaye nikaegemea viwiko, halafu nikasukuma kwa mikono kifua kiinuke kiuno kibaki chini, mara 10. Akasema ni njia ya McKenzie, mtu wa New Zealand, na nisikilize maumivu yanaelekea wapi, yakitoka mguuni yakarudi kiunoni ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, yakizidi kushuka niache. Akaongeza ile ya kukaa kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, unabadilisha. Na nisikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Akanionya pia nikiona ganzi sehemu za siri au mkojo unanishinda, niache mkeka nikimbilie hospitali.

Nimefanya kila asubuhi, wiki kadhaa mguu ukaachia. Kiuno bado kinabana nikiwa na oda ya kushona sare za harusi, lakini nainama nafua.

Sasa juzi mwanangu anayesoma unesi kanisomea mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2023 wa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, mazoezi yamo, halafu vibandiko vya umeme, ultrasound ya kutibia (siyo ile ya kupimia mimba) na mikanda ya kiuno wamesema visiwe tiba ya kawaida. Hasira ikarudi upyaa. Yaani kile nilicholipia ndo hakitakiwi, na kile nilichoomba nikanyimwa kisa umri!

Binti ningempa 10 kwa 10, ila fildi yake imeisha kaondoka, ukienda leo unamkuta yule kaka. Kwa hiyo msiende. Au nendeni, lakini kabla hamjatoa hela ulizeni kama wanafundisha mazoezi, wakikwambia mashine tu ondoka. Na yule kaka asalimie watu wazima kwanza.