Darubini ya jua ya haidrojeni alfa, nimeitumia hapa Dodoma

Wadau mlioniuliza kama darubini hii inafaa kununua, jibu fupi: nunua kama unataka kuona gesi ya jua inavyorushwa na kusogea, ila kama unataka kuona sumaku yake utamlaumu muuzaji bure.

Yangu ni ile ndogo ya milimita 40, ndani ina filta inayopitisha mwanga wa haidrojeni tu, nanomita 656.28, ndo maana jua linatokea jekundu kabisa na unaona vitu ambavyo filta ya kawaida haikuonyeshi hata siku moja, ndimi za gesi pembeni na vijiuzi vyeusi katikati, navyo ni gesi hiyo hiyo. Bodaboda mmoja alichungulia akaniambia "Ticha, mbona jua limeota ndevu?" na wala hajakosea sana.

Utamu wenyewe uko kwenye pete ya kutyuni, ile inayosogeza kidogo rangi ambayo filta inapitisha. Gesi inayokuja upande wetu rangi yake inasogea kwenye bluu, inayoenda mbali inasogea kwenye nyekundu, Dopla ile ile ya darasani, yaani uzi unaonyanyuka kwa kasi unaweza kupotea kabisa halafu ukizungusha pete kidogo tu huyo hapo mweusi tii. Rangi ikisogea sehemu moja ya kumi ya nanomita, kasi ya gesi ni kama kilomita 46 kwa sekunde, wanafunzi wangu wanapiga hesabu ubaoni kisha wanatoka nje kuchungulia.

Sumaku sasa. Mwanaastronomia Mmarekani George Ellery Hale aliigundua kwenye madoa ya jua mwaka 1908, kwa kuona mistari ya mwanga (ile inayotokea ukiutawanya kwa rangi) imegawanywa na sumaku, na kuipima lazima uchambue mwanga unatetemeka upande gani. Filta za kazi hiyo, zile za mvuke wa sodiamu au potasiamu ndani ya sumaku, ni za watafiti, mshahara wa ualimu hauzigusi. Mimi nafungua kwenye simu picha za sumaku za SDO, setelaiti ya NASA, nyeupe ncha moja nyeusi ncha nyingine, nikirudi kwenye darubini vile vijiuzi navikuta vimelala mpakani mwa nyeupe na nyeusi.

Kasoro: stendi ya hovyo, upepo wa huku unaitikisa mpaka nimeining'inizia mfuko wa mchanga. Angalia saa mbili hadi saa nne asubuhi, baadae mabati yanachemka picha inacheza, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi saa sita jua liko utosini, utavunja shingo. Vumbi lisikufanye ufute lenzi na shati.

Na vile vifilta vya kufunga kwenye lenzi ya jicho vinavyokuja na darubini za bei chee, tupa, kikipasuka kwa joto jicho limekwenda.