Dokloza kwenye mlango wa duka la dawa: uzoefu wangu

Duka letu lipo Sinza, mlango wa aluminiamu na kioo, unatazama barabara. AC inawaka kutwa kwa sababu dawa nyingi zimeandikwa zisikae kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na wateja ukiwaomba wafunge mlango wanakujibu "sawa sawa" huku wanaondoka. LUKU ilikuwa inaisha kabla ya wakati wake. Nikaenda Gerezani kutafuta dokloza, ile mashine ya juu inayourudisha mlango wenyewe.

Kila muuzaji pale atakuambia ya kwake ndiyo orijino. Mimi niliuliza namba. Kiwango cha Ulaya, EN 1154, kinapanga nguvu kuanzia 1 hadi 7. Namba 2 ni ya mlango wa upana hadi sentimita 85 na kilo 40. Namba 3 ni sentimita 95 na kilo 60. Namba 4 ni mita 1.1 na kilo 80. Uzito wa kioo unapigika hesabu: kila milimita ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo cha milimita 6 ni kilo 15. Mlango wangu wa sentimita 90 unaangukia namba 3. Duka la kwanza walinitolea boksi lisilo na namba hata moja. "Hii inafunga milango yote, bosi." Nikamwachia. Niliyochukua inarekebishika kutoka 2 hadi 4, bei imechangamka, lakini upepo wa jioni ukivuma nashukuru.

Ndani ya boksi kuna karatasi yenye matundu yaliyochorwa kwa ukubwa halisi. Unaibandika mlangoni na kwenye fremu, unatoboa juu yake. Fundi alitaka kuitupa, eti kazi hii anaifanya kila siku, mpaka nilipomwonyesha kuwa mlango unaofungukia kushoto una mchoro wake na wa kulia una wake. Alipofika kwenye kutoboa, hapo nampa heshima zake: skrubu za kwenye boksi aliziweka kando, kwa sababu aluminiamu ni nyembamba na ndani ni tupu, zingelegea mapema. Akapitisha bolti hadi upande wa pili na kukaza kwa nati na washa.

Kazi yenyewe ipo kwenye kurekebisha. Kuna skrubu mbili ubavuni: moja ya mwendo mkubwa, nyingine ya kipande cha mwisho kabla ya kitasa kushika. Madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya AC, hewa inabanwa ndani na kuusukuma mlango, ukawa unasimama upana wa kidole kabla ya kitasa. Fundi akalegeza ile ya pili robo mzunguko, akajaribu, akaongeza kidogo tena. Kitasa kikaita "tak". Usiilegeze mpaka itoke. Mafuta yakimwagika hiyo mashine uza chuma chakavu.

Walinishawishi ninunue na mkono unaoushikilia mlango ubaki wazi. Nilikataa. Kwa wateja wangu mimi ungebaki wazi mwaka mzima, na kwenye mlango wa kuzuia moto haufai kabisa. Mzigo ukija, mlango tunauzuia kwa katoni.

Kasoro ni moja: skrubu za mkono wa dokloza yenyewe zimeshaanza kutu kwa huu unyevu wetu wa pwani. Nitaweka za stenlesi, shilingi chache tu.