Uzoefu wangu: printa ya wino wa tenki na ile hitilafu isiyoeleza kitu

Kwa kuchapa sina la kulaumu. Wino wa chupa unadumu na maandishi yanatoka meusi. Kinachokera ni ujumbe wake wa hitilafu: taa zinamwekamweka, unaambiwa zima uwashe tena, basi. Ujumbe huohuo mmoja hubeba magonjwa kadhaa, na fundi mvivu atakwambia kichwa (kile kinachopita huku na huku kikinyunyiza wino) kimekufa.

Anza kwa kusikiliza. Kichwa kikikimbia na kugonga ukingo kwa kishindo kabla taa hazijawaka, printa haijui kichwa kipo wapi. Nyuma yake umepita mkanda mwembamba wa plastiki angavu wenye mistari midogo mno, na sensa huisoma ili kujua mahali. Tone la wino au grisi likifunika mistari, hesabu inapotea. Chomoa waya wa umeme. Lowanisha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, siyo asidi!), ushike mkanda kwa vidole viwili, ufute polepole ncha hadi ncha, halafu upitishe kikavu. Usiuvute, maana ukichomoka kwenye ndoano yake kuurudisha ni kazi. Thina usiisogeze kabisa, inaweza kufuta mistari.

Kichwa kikikwama katikati bila kishindo, mulika ndani kwa tochi ya simu: kipande cha karatasi, pini ya stepla, hata mjusi mkavu. Umeme ukiwa umechomolewa, kichwa kiteleze kwa mkono bila kukwaruza. Kikiwa kimejifunga pembeni kwenye maegesho yake, usikilazimishe.

Hapa Mtwara adui mkubwa ni unyevu wa bahari, hasa kipindi cha mvua. Karatasi zikiachwa kwenye trei hujikunja, huingia mbilimbili na kukwama, kisha lawama anapewa roli, ile inayovuta karatasi. Pakiti iliyofunguliwa ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa za kutosha kazi ya siku. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, kichwa hubaki wazi na wino hukauka. Ukirudi, washa kijiegeshe, ndipo uzime kwa kitufe, si kwa swichi ya ukutani.

Ujumbe wa pedi ya wino taka (sponji ya ndani inayofyonza wino wa kusafishia kichwa) ni mwingine. Wapo wanaofuta kaunta tu, yaani hesabu ya printa ya jinsi pedi ilivyojaa, bila kubadili pedi. Printa itawaka kweli, na baadaye wino utavuja mezani.

Natoa nyota tatu kati ya tano; mbili nimezikata kwa ujumbe ule.