Nilitoa GTX 1050 Ti nikaweka RTX 3050: hela yangu ilirudi?

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7050, ile ya kusimama ya ofisini, mtumba wa Ulaya. Ndani ina prosesa ya i5-7500, RAM GB 8, na GTX 1050 Ti, kadi ya picha (graphics card) niliyoichomeka mwenyewe. Tumeishi vizuri miaka mitatu, mpaka siku nilipoweka mchezo wa Cyberpunk 2077. Mipangilio yote nimeshusha chini kabisa, rezolusheni (wingi wa nukta za picha) ni 1080p, na bado napata fremu 26 mpaka 28 kwa sekunde. Nikiingia mtaa wenye watu wengi, mchezo unageuka picha za mnato.

Akili ikaniambia ninunue kadi ya RX 6600. Wanaoisifu hawajakosea, ila inakula wati 132 na inataka waya wa pini 8, wakati pawa saplai ya Dell yangu ni ya wati 240 na haina waya hata mmoja wa kadi. Fundi mmoja pale Kariakoo akanitoa wasiwasi: "Hiyo ndogo kaka, kuna adapta, tunavuta umeme kwenye waya wa SATA." Nilimshukuru nikaendelea na safari. Kichwa cha SATA kimetengenezwa kwa ajili ya diski ya kuhifadhia data (hard disk), na kwenye volti 12 kinabeba wati 54 tu. Ukikitwisha mzigo wa kadi, usishangae plastiki ikianza kunukia.

Kwa hiyo nikabaki na kadi zinazojilisha umeme kwenye sloti ya ubao mama (motherboard) peke yake, yaani zisizozidi wati 75. Hapo ndipo RTX 3050 ya GB 6 ilipoingia, wati 70, haina waya wowote. Kuwa makini na jina hilo, maana kuna mbili. Ya GB 8 ilitoka 2022, ina nguvu zaidi, lakini inakula wati 130 na inataka waya. Ya GB 6 ilitoka 2024, ni dhaifu kidogo, na kwa mashine kama yangu ndiyo pekee inayofaa. Duka la kwanza waliniwekea boksi la GB 8 mezani huku wakiniapia kwamba "zote ni zile zile". Sio zile zile. Nenda na namba, usiende na jina.

Kabla sijatoa hela nilifanya jaribio moja la bure. Nilishusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p nikaangalia fremu. Cyberpunk ikapanda mpaka 40 na kitu, maana yake kadi ndiyo ilikuwa imeelemewa. Mchezo wa Valorant haukusogea, ulibaki 130 ile ile, maana yake huko anayehema ni prosesa, na kadi hata iwe ya milioni tatu haitamsaidia. EA FC 24, ule mchezo wa mpira, ilikuwa inagonga 60 tangu zamani, na monita yangu ni ya 60Hz, yaani inaonyesha fremu 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata zingekuja 200 nisingeziona. Ukweli ni kwamba robo tatu ya muda wangu nacheza mpira. Nilijua hilo, nikanunua hivyo hivyo. Laki tano na themanini.

Kuifunga ni dakika kumi: skrubu moja, unachomeka, unafunika. Cyberpunk sasa naicheza kwa mipangilio ya kati na DLSS imewashwa, ile inayochora picha kwa rezolusheni ndogo halafu ikaikuza. Napata 50 hadi 55. Mvua ikinyesha usiku, zile taa kwenye lami iliyolowa, nilisimamisha gari nikawa natazama tu. Kadi haipigi kelele na haipandi joto la kutisha, na mimi chumba changu hakina AC.

Ila wiki ya kwanza ilinikera. Namba ya fremu pembeni ya skrini inasoma 52, lakini kila nikikata kona kwa kasi na gari, mchezo unashtuka nusu sekunde. Nikaanza kuilaumu kadi. Kumbe tatizo ni RAM: nilikuwa na kijiti kimoja cha GB 8, kimejaa pomoni, na kikiwa peke yake kinasafirisha data kwa njia moja tu. Nikaongeza kijiti cha pili cha mtumba, elfu hamsini, na ile mishtuko karibu yote ikaondoka. Iliyobaki ni ya prosesa. Yangu ina kori nne tu (sehemu zinazofanya kazi), zisizo na nyuzi za ziada (threads) za kusaidia, na zina mwisho wake. Ningeanza na hiyo elfu hamsini, nikae nayo mwezi mzima, ndipo nifikirie laki tano.

Zaidi ya hapo siongezi kitu kwenye hii mashine. Prosesa yangu ya kizazi cha saba haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilimaliza muda wake Oktoba 2025. Siku nikijenga mashine nyingine, hii 3050 nitahama nayo, na hilo ndilo linalonipa usingizi kuhusu bei yake.

Ile 1050 Ti nilimpa binamu yangu wa Mbagala, naye ana OptiPlex. Jumapili nilienda kwake tukacheza FC. Fremu 60, kama kwangu, na akanifunga tatu.