Mafungo Glendalough: bonde zuri, vijumba si vya kila kundi

Kama kundi lenu linatafuta mahali pa kuimba, kupika pamoja na kupiga soga hadi usiku wa manane, msilipie vijumba vya mafungo ya kiroho vya Glendalough, huko Ireland. Nalisema hili mapema kwa sababu picha zinavutia lakini hazikuambii kwamba karibu kila kijumba ni cha mtu mmoja: kitanda, meza, jiko dogo, bafu na kiti kinachotazama mlima. Televisheni hakuna. Sisi tulikwenda kama jumuiya ya Waswahili wa Dublin, na mama mmoja wa Bukavu alikuja na sufuria ya kupikia harusi. Haikuenea jikoni.

Mimi nilivipenda. Usiku wa kwanza kimya kilinisumbua. Asubuhi iliyofuata nilisali Zaburi polepole, bila kuangalia saa, jambo ambalo mjini halinitokei. Wengine walichoka mapema. Jioni wanakwaya walikusanyika uani wakaanza kupasha sauti, na mgeni wa kijumba cha jirani akaja, kwa adabu zote, kutuomba tunyamaze. Alikuwa na haki. Alilipia kimya.

Na bonde lenyewe lina historia hiyohiyo. Mtakatifu Kevin alikuja huku karne ya 6 akitaka kuishi peke yake na Mungu. Watu wakamfuata, upweke ukamwishia, pakakua mji mzima wa wamonaki, yaani watawa. Majeshi ya Waingereza yaliuharibu mwaka 1398, ila kilichobaki kinatosha kukusimamisha. Mnara wa mviringo una urefu wa kama mita 30, na mlango wake uko zaidi ya mita 3 juu ya ardhi, kwa hiyo bila ngazi huingii. Paa lake lilijengwa upya mwaka 1876 kwa mawe yaleyale ya zamani. Kanisa kuu halina paa. Kikanisa cha Kevin kinalo, la mawe matupu, na kimnara chake cha kengele kinafanana na bomba la moshi hata wenyeji wakakiita Jiko la Kevin. Mama yetu wa Bukavu akasema hapo ndipo sufuria yake ingeenea.

Tulisali rozari tukitembea kutoka ziwa la chini hadi la juu, na kwangu hiyo ndiyo saa iliyofidia safari yote. Njia ni tambarare, wazee wanaiweza. Ukifuata ukingo wa ziwa la juu unafika kwenye magofu ya wachimba madini ya risasi, na ng'ambo ya maji unaliona pango linaloitwa Kitanda cha Kevin, tundu dogo kwenye mwamba. Vijana walipanda mlima wa Spinc, kwa ngazi za mbao zisizoisha juu ya ziwa. Mwenye magoti mabovu abaki chini.

Mambo mengine kwa ufupi. Ni kama kilomita 50 kutoka Dublin, na basi la St Kevin's linakufikisha bila kubadilisha gari. Mkiwa na gari lenu, jiandaeni kulipia maegesho. Kuingia kwenye magofu ni bure. Saa sita mchana mabasi ya watalii yanajaa hadi huwezi kusali wala kupiga picha, kwa hiyo nendeni asubuhi sana au jioni. Jioni za kiangazi lakini kuna usubi kando ya maji, na wanauma kwelikweli: vaeni mikono mirefu. Chakula nunueni kabla ya kutoka mjini, maana Laragh, kijiji cha karibu, hakina duka la kulisha kundi.

Bonde nalipatia nyota tano. Vijumba navipatia nyota nne, kwa mtu anayekwenda peke yake. Jumuiya yetu mwakani inatafuta nyumba kubwa yenye ukumbi, na mama ameshauliza ukubwa wa jiko.