Fundi wa Mtaa wa Aggrey na Switch mbili zisizoonana

Kwa wiki tatu wanangu walishindwa kucheza pamoja gemu iliyomo kwenye Nintendo Switch 2 ya kaka (mashine ya kuchezea gemu) kupitia Switch ya zamani ya dada yake, nami nilikuwa karibu kununua nakala ya pili. Kabla ya kutoa fedha hizo nilizipeleka mashine zote mbili kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Hakushika bisibisi hata mara moja. Aliuliza kwanza ni gemu gani, kwa kuwa GameShare, njia ya Nintendo ya kuchezea gemu moja kwenye mashine mbili, hukubali gemu zilizoandaliwa kwa ajili yake tu. Yetu ilikuwa Super Mario Odyssey, ambayo imo, mradi sasisho lake liwe limepakuliwa. Kisha akafungua mipangilio ya mashine ya zamani na kunionyesha kwamba mfumo wake haukuwa umefikia toleo la 20.0.0, ndiyo maana hata alama ya GameShare haikuonekana kwenye skrini. Alipokwisha kuusasisha, mashine hazikuonana bado. Akagundua kwamba binti yangu alikuwa ameiweka yake katika hali ya ndege ili kutunza chaji, jambo linalozima mawasiliano yote baina ya mashine zilizo karibu.

Nililolithamini zaidi ni maelezo yake. “Mama, gemu inachezwa na hii mpya peke yake,” aliniambia, “hii nyingine inapokea picha na kurudisha vitufe vinavyobonyezwa.” Hapo nilielewa kwa nini dada hahitaji kupakua gemu, kwa nini intaneti haihitajiki wakiwa chumba kimoja, na kwa nini picha kwake haiwi safi kama kwa kaka yake. Alituonya pia kwamba Switch ya zamani hukata spika za masikioni za Bluetooth mara mawasiliano hayo yanapoanza.

Bei tulipatana mapema na haikubadilika. Duka ni finyu, nilisimama karibu saa nzima, na hilo lingeweza kurekebishwa kwa kiti kimoja tu. Anayekwenda huko abebe mashine zote mbili pamoja na chaja zake, kwa sababu fundi huyu harudishi kitu kabla ya kukijaribu mbele ya mwenyewe: wanangu walimaliza hatua nzima pale kaunta, dada akiiongoza kofia ya Mario, ndipo akapokea malipo.